Vishale darasani: kuna ubaya gani?

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu mwezi mzima na baadhi yenu mmeniuliza kulikoni. Kulikoni ni kwamba nilikuwa na jambo la kuandika, na kila nikikaa kuliandika naona aibu. Leo nimeamua kulitoa. Linahusu mchezo wa vishale, somo la hisabati, mwalimu mmoja wa shule ya msingi mkoani Tanga, na habari fupi iliyotoka gazetini ikiwa na jina langu juu yake.

Niseme msimamo wangu mapema ili asiye na muda wa kusoma mpaka mwisho aondoke nao. Naamini vishale vinafaa kuingia darasani, hasa katika hisabati za shule ya msingi, na ile sababu tunayoitoa ya kuvikataa, kwamba ni mchezo wa baa, ni sababu ya kivivu. Sasa twende taratibu.

Mimi si mtu wa hesabu. Kidato cha nne nilipata D ya Hisabati na nikamshukuru Mungu, maana wenzangu wengi bwenini walipata F. Nikakimbilia HKL, kisha Mlimani, kisha chumba cha habari, ambako nilikuta nimezungukwa na wakimbizi wenzangu wa hesabu. Msicheke. Mwandishi wa habari wa Tanzania anaweza kukuandikia hotuba ya waziri kwa dakika ishirini bila kukosea nukta, lakini mpe bajeti ya halmashauri umwulize imeongezeka kwa asilimia ngapi, utamwona anapapasa mfukoni kutafuta simu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika milioni mahali palipotakiwa bilioni. Siku iliyofuata ukurasa wa pili ukawa na kijisanduku cha kuomba radhi, na mhariri wangu akaniambia, "Dogo, hizo sifuri tatu ulizopoteza zingetulisha wote humu mpaka tustaafu."

Na si sisi waandishi peke yetu. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa karibu robo tu ya watahiniwa, na hiyo ilikuwa nafuu, kwa sababu mwaka 2022 ilikuwa kama mmoja kati ya watano. Yaani ukipanga foleni ya watoto wanne waliokaa shuleni miaka kumi na moja, watatu wanatoka bila hesabu. Tumelizoea jambo hili mpaka halituumi tena. Mtoto akisema "mimi hesabu hapana" tunacheka naye, kama vile kasema hapendi bamia.

Basi, nilitumwa Tanga kuandika habari za mkonge: nani anapanda, nani ananunua, mkulima mdogo anabaki na nini. Mkonge una historia ndefu kule. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf, kutoka Florida, na katika miche yote aliyoagiza ni 62 tu iliyofika ikashika ardhi. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba unayoyaona ukipita Korogwe na Muheza, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka kuifuata.

Siku ya pili kijana wa bodaboda aliyekuwa ananizungusha akaniambia, "Kaka, wewe si mwandishi? Nenda kamwone mwalimu wa vishale." Nilidhani ananitania. Nikaenda kwa sababu nilikuwa na saa tatu za kusubiri meneja wa shamba fulani ambaye mwishowe hata hakuja.

Shule sitaitaja, wala wilaya. Mwalimu ameshasumbuka vya kutosha kwa ajili yangu.

Nilimkuta nje ya darasa la sita, mtu wa miaka hamsini na kidogo, kofia ya viua kichwani, suruali imepigwa pasi mpaka mstari unakata. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu." Akaitikia, "Marahaba. Umetoka wilayani?" Alidhani mimi ni mkaguzi. Nikamweleza mimi ni nani, akapumua, kisha akanipeleka ndani kunionyesha ubao. Ulikuwa ubao halisi wa vishale, umeanza kuchakaa, ameutundika ukutani pembeni ya ubao wa kuandikia. Aliununua kwa mwenye baa moja ya njia panda alipoifunga baa yake na kuuza kila kitu, viti mpaka bilauri. "Mimi pombe sijaonja tangu nizaliwe," akaniambia. "Lakini hesabu nilizikuta zimo humu. Nitaziacha kwa sababu ya mlango zilikotokea?"

Kwa wasioujua mchezo, ngoja nieleze. Ubao wa vishale ni duara lililogawanywa vipande 20, kila kipande kina namba yake kuanzia 1 mpaka 20, ila namba hazikupangwa kwa mfuatano. Juu kabisa ipo 20, kushoto kwake 5, kulia kwake 1. Zipo pete mbili nyembamba: ya nje inazidisha namba yako kwa mbili, ya ndani inazidisha kwa tatu. Katikati kuna viduara viwili, kikubwa kina thamani ya 25 na kile kidogo cha ndani 50. Kila zamu unarusha vishale vitatu. Na hapa ndipo utamu ulipo: huanzi sifuri ukapanda, unaanza 501 ukashuka. Kila unachopata kinatolewa, mpaka ufike sifuri kamili, na kishale chako cha mwisho lazima kiangukie pete ya kuzidisha kwa mbili. Ukipitiliza, zamu nzima inafutwa na unarudi ulipokuwa.

Hebu tazama kilichomo humo. Kuzidisha kwa mbili na kwa tatu, kujumlisha namba tatu kichwani, kutoa kutoka namba ya tarakimu tatu, kisha kufikiri kinyumenyume: nimebakiwa na 40, nifanye nini ili nifike sifuri? Na haya yote mchezaji anayafanya bila kuambiwa "fungua ukurasa wa 34, zoezi la pili." Anayafanya kwa sababu anataka kushinda.

Darasa lenyewe lina watoto zaidi ya themanini. Ubao mmoja kwa watoto themanini ni sinema, si somo, na mwalimu alilijua hilo. Pia hakutaka watoto themanini wenye vyuma vyenye ncha mikononi. Kwa hiyo ubao wa ukutani anauchezea yeye kwa kuonyesha tu, na watoto wanachezea uwanjani, juu ya maduara waliyoyachora wenyewe kwenye udongo kwa kamba na kijiti. Badala ya vishale wanatupa vizibo vya soda. Kuchora tu ni somo. Duara lina nyuzi 360, vipande ni 20, kwa hiyo kila kipande ni nyuzi 18, haya chukua kipimapembe uanze. Mwalimu alisema kazi ya kuchora ilimaliza vipindi viwili, na ndivyo vipindi pekee mwaka huo ambavyo hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Maduara yapo manane, kila moja na watoto kumi au kumi na mmoja, makundi mawili mawili. Wanaanza na 101, si 501, ili kila mchezo umalizike kabla ya kengele. Sheria aliyoitunga mwalimu ndiyo iliyonifanya nikae pale mpaka meneja wa shamba nikamsahau: aliyetupa lazima aseme salio kwa sauti kabla ya kuinama kuokota vizibo vyake. Kundi la pili kazi yao ni kukagua. Wakimkamata amekosea, alama za zamu ile zinafutwa na zamu inahamia kwao. Maana yake ni kwamba anayetupa anapiga hesabu, na wale wengine wote nao wanapiga hesabu, tena kwa uchu zaidi, maana kosa lako ni mali yao.

Nilisimama kwenye duara moja. Mvulana mmoja mwembamba akatupa: 20, 5, 1. Jumla 26, kutoka 101. "Themanini na tano!" akasema. Kabla hajafunga mdomo kundi la pili likalipuka, "Sabini na tanooo!" Zamu imekwenda. Nilimtazama yule mvulana usoni, maana mimi nimesoma shule ambazo kosa la namna ile lilikuwa fimbo mbili, na nikijifunza chochote siku hiyo ilikuwa ni kukaa dawati la nyuma. Yeye alipiga paja lake kwa hasira, akaruka kwenda upande wa kukagua, akawakazia macho wenzake kama mwamuzi wa pembeni. Alikuwa anatafuta wa kumlipizia. Kwa kutoa na kukopa! Wallahi nilicheka mwenyewe.

Baadaye kundi moja likabakiwa na 17. Nikasikia wanabishana. Mmoja anataka kulenga pete ya nje moja kwa moja, mwenzake anamwambia haiwezekani. Kwa nini haiwezekani? "Kwa sababu 17 haina nusu." Lazima kwanza watupe 1 wabaki na 16, kisha watafute 8 mara mbili. Na kwa nini wanaipenda 16? Kwa sababu ukiikosa pete ukaangukia 8 ya kawaida, unabaki na 8, sasa unatafuta 4 mara mbili. Ukikosa tena ukapata 4, unabaki na 4, unatafuta 2 mara mbili. Unagawa kwa mbili, unagawa kwa mbili. Wachezaji wakubwa duniani wanaipenda 32 kwa sababu hiyohiyo. Watoto wa darasa la sita, wameligundua wenyewe kwenye vumbi, na mimi mhitimu wa chuo kikuu ilinibidi nirudiwe mara mbili.

Lakini kisa kikubwa ni cha yule binti.

Mwalimu aliwauliza darasa zima: mtu akitaka alama nyingi, alenge wapi? Wote, "Ishirini!" Binti mmoja mdogo wa umbo, kakaa karibu na dirisha, akanyoosha mkono akasema yeye analenga 7. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia, eleza. Akasema, "Mimi sina shabaha. Nikilenga namba, mara nyingine naipata, mara nyingine naangukia ya kushoto au ya kulia. Nikilenga 20 naangukia 5 au 1. Nikilenga 7, pembeni yake kuna 19 na 16. Hata nikikosa napata."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akaandika ubaoni: 5 jumlisha 20 jumlisha 1 ni 26. Kisha: 19 jumlisha 7 jumlisha 16 ni 42. Akaweka chaki chini akamtazama yule binti, naye mwalimu hakuwa amelijua jambo lile, aliniambia baadaye. Usiku ule nikiwa gesti nilichukua kalamu nikajumlisha vikundi vyote 20, kila namba na jirani zake wawili. Hakuna kinachoifikia 42. Kikundi kibaya kuliko vyote ni cha 17, kimekaa kati ya 2 na 3, jumla 22. Kwa mtu asiye na shabaha, ambaye kishale chake kina nafasi sawa ya kuangukia popote kati ya pale alipolenga na kwa jirani wawili, 7 ndiyo namba bora ya kulenga kwenye ubao mzima. Hiyo ni mada ya uwezekano. Mimi niliikuta sekondari, nikaikariri, nikaisahau. Yule binti ameitoa kichwani kwake kwa sababu alihitaji njia ya kushinda akiwa na mkono usio na shabaha.

Nikarudi Dar na furaha yangu. Nikaandika habari ndefu, yote niliyowasimulia hapa imo. Mhariri akaniambia hana nafasi, nikate ibaki maneno mia tatu. Nikakata. Kisa cha 7 kilikuwa cha kwanza kuondoka, maana mhariri alisema "hiyo nani ataielewa?" na mimi sikubisha. Asubuhi nikanunua gazeti pale kituoni nikafungua ukurasa wa tatu: "Wanafunzi wafundishwa michezo ya baa."

Nataka niwe mkweli hapa, ndiyo maana nimechukua mwezi mzima. Sikukasirika. Nilifurahi. Ukurasa wa tatu, jina langu kwa herufi nzito, simu inaita, wenzangu wananiambia "umetisha." Sisi waandishi tuna kinga yetu ya siku zote, kwamba vichwa vya habari anaandika mhariri. Ni kweli, anaandika yeye. Lakini nilipoisoma tena habari yangu niliona kwamba katika sentensi ya kwanza kabisa mimi mwenyewe nimeandika "ubao uliotoka katika baa." Niliiweka hapo kwa sababu nilijua itavuta macho. Mhariri aliokota tu kilichokuwa kimelala njiani, na aliyekilaza ni mimi.

Siku ya tatu yule kijana wa bodaboda akanipigia. Wazazi kadhaa wameisoma habari, au wamesomewa, wamekwenda shuleni. Viongozi wa elimu wa eneo lile wamefika. Ubao umeshushwa, mwalimu ametakiwa kutoa maelezo kwa maandishi, na maduara yamefutwa kwa fagio. Nikaenda kwa mhariri kuomba tutoe ufafanuzi. Akaniuliza, "Kuna neno lolote la uongo kwenye ile habari?" Hakuna. "Basi tunafafanua nini?"

Ndiyo maana nafafanua huku.

Kwanza hilo la baa. Ni kweli vishale vimekulia baa. Huko Uingereza vilikotokea ndiko vilikokulia, na hapa kwetu klabu nyingi za vishale makao yake ni baa. Lakini huko huko Uingereza wameona mambo mengine. Januari 2024 mvulana wa miaka 16, Luke Littler, alifika fainali ya ubingwa wa dunia mjini London, akafungwa. Januari 2025 akarudi akiwa na miaka 17 akawa bingwa, mdogo kuliko mabingwa wote waliopata kutokea. Huyo hakuokotwa kaunta. Alilelewa katika klabu ya vijana ya vishale katika mji wa St Helens, na alianza kutupa vishale vya sumaku akiwa bado mtoto wa kutambaa na kusimama. Kama kucheza baa ni kosa lisilofutika, basi tupige marufuku na televisheni, maana mpira wa Simba na Yanga wengi wetu tunautazama wapi?

Na kuna jambo ambalo wazazi wa pale, watu wa mkonge, wangeambiwa mapema pengine wangeutazama ule ubao kwa jicho jingine. Ubao mzuri wa vishale hautengenezwi kwa mbao. Unatengenezwa kwa nyuzi za mkonge zilizobanwa pamoja kwa nguvu nyingi, ncha zake zikitazama nje, ndiyo maana kishale kikichomoka tundu linajifunga lenyewe. Nyingi ya mbao zinazotumika katika mashindano makubwa duniani zimetengenezwa jirani zetu hapa, Kenya. Zao ni letu, tunalikata kwa mapanga alfajiri na miiba inatuchoma, halafu likirudi likiwa limegeuzwa duara lenye namba tunasema si letu, ni la walevi.

Pili ni hoja ya kamari, na hii siichukulii kwa wepesi. Mzazi mmoja aliniambia kwenye simu, "Mwanangu, leo vishale, kesho mkeka." Ninamwelewa. Vijana wa rika langu wanaliwa na kubeti kuliko wanavyoliwa na malaria, na mimi mwenyewe kuna mishahara siwezi kuieleza ilikwenda wapi. Lakini jiulize kwa nini tunaliwa. Kijana anaweka timu kumi na mbili kwenye mkeka mmoja kwa sababu kila moja "ni ya uhakika," na hajui kwamba ukizidisha uhakika wa nusunusu mara kumi na mbili unapata nafasi moja katika elfu nne na ushee. Hakuna aliyemfundisha akaelewa. Yule binti wa 7 ameshaanza kuelewa. Ukiniuliza kati yake na mimi nani ataliwa na mkeka, jibu ninalo.

Hatari ya ncha nakubaliana nayo moja kwa moja. Vishale vya chuma visiguswe na mtoto bila mtu mzima aliyesimama hapo. Ila hapa hakuna mtoto aliyekuwa na kishale cha chuma. Walikuwa na vizibo. Habari yangu haikusema vizibo. Na vyenyewe vilikatwa kwenye yale maneno mia tatu.

Kuna rafiki yangu, msomi, ameniuliza: kwa nini vishale na si bao? Bao ni letu, lina mashimo 32 na kete 64, na hesabu zimo tele. Swali zuri. Bao nalipenda, babu yangu alinifunga bao mpaka nikalia. Lakini bao fundi wake hutazama shimo akajua, hasemi namba. Unaweza kucheza bao miaka thelathini usitamke "sabini na tano kutoa hamsini na nane." Vishale havikupi njia ya kukwepa: kila baada ya sekunde chache kuna kujumlisha na kutoa, na kuna mtu mbele yako anayesubiri ukosee. Yote mawili yaingie darasani, sina ugomvi. Ila tusilitumie bao kama fimbo ya kupigia vishale halafu tusilete hata hilo bao.

Wala sisemi vishale vitamaliza tatizo la hisabati nchini. Havifundishi aljebra. Havipunguzi watoto themanini kuwa arobaini. Niliona pia kwamba kwenye duara moja wavulana wawili walikuwa wanatupa zamu za wasichana, mpaka mwalimu akaja kuwatoa. Mwalimu mvivu atageuza kipindi kuwa mapumziko, hilo lipo. Lakini hata sekondari kuna cha kuchuma: katikati ya ubao panatakiwa pawe mita 1.73 kutoka sakafuni, mtupaji anasimama mita 2.37 kutoka usawa wa ubao. Kutoka mguuni kwake mpaka katikati ya ubao ni mita ngapi? Pythagoras huyo, 2.93, na unaweza kuhakikisha kwa kamba. Mimi Pythagoras nilifundishwa kwa miezi miwili na hakuna siku niliyoshika kamba.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024, vyote vinahimiza mtoto ajifunze kwa kutenda. Mwalimu wangu wa Tanga hakusubiri semina wala posho. Alitumia kamba, vijiti na vizibo. Halafu anaandikishwa maelezo.

Wiki iliyopita nilijikaza nikampigia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, na nilistahili. Akaniitikia salamu, akaniuliza habari za kazi. Nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, uliandika ulichokiona. Shida ni kwamba hukuandika chote." Nikamuuliza watoto wanaendeleaje. Akasema maduara yamerudi, ila yako nyuma, upande wa kisima, na wanayachora wenyewe wakati wa mapumziko bila yeye kuwatuma, kwa hiyo hakuna wa kuandikishwa maelezo. Binti wa 7 sasa analenga 20, kwa sababu shabaha yake imekua.

Kisha akaniomba kitu. Kamati ya shule inakaa Jumamosi kuamua kama ubao urudi, na mwenyekiti wake ni mzee aliyekata mkonge maisha yake yote, mtu wa kuhesabu mizigo, hadanganyiki kwa maneno matupu. Mwalimu anataka amwonyeshe zile jumla za namba na jirani zake, zote 20, lakini daftari lake lilichukuliwa pamoja na ubao. Nimeziandika jana usiku kwenye karatasi moja kubwa, nimezipitia mara tatu, safari hii hakuna sifuri iliyopotea. Asubuhi nimempa kondakta wa basi la Tanga. Nimemwomba mwalimu ruhusa nami niende Jumamosi. Amesema niende, ila kalamu niiache Dar.